Kabla ya kumtilia mamako sahihi hospitalini, muulize kwanza

Kama wewe ndiye mtoto aliyesoma, au ndiye uliye karibu na mji, au ndiye mwenye kazi inayoeleweka, basi siku moja utapigiwa simu uambiwe mama amelazwa, njoo. Utafika na boda huku roho iko mkononi. Utapanga foleni, utalipa kwa M-Pesa, utatafuta watu wa kutoa damu. Halafu atakuja mtu mwenye koti jeupe na karatasi mkononi. Atakutazama wewe, wala si mgonjwa, na kukwambia: “Weka sahihi hapa.”

Nataka tuongee kuhusu hiyo karatasi.

Mimi niliipewa nikiwa na miaka 24. Mamangu alikuwa ametokwa na damu kwa miezi kadhaa huku akiwaambia majirani ni uchovu tu. Hospitali ikampiga picha na kuona uvimbe kwenye nyumba ya uzazi, zile fibroidi ambazo wanawake wengi wanazo. Daktari alinieleza pale koridoni, kwa Kiingereza, mbiombio. Alisema watajaribu kutoa uvimbe peke yake, lakini damu ikizidi huenda wakalazimika kuitoa nyumba ya uzazi yote. Niliuliza swali moja tu: atapona? Akasema ndiyo. Nikasaini.

Wakati huo mama alikuwa kitandani, hatua kama kumi hivi kutoka tulipokuwa tumesimama. Alikuwa macho, akili zake timamu, anatutazama kupitia mlangoni.

Alipozinduka baada ya upasuaji, alimuuliza sista wametoa nini. Sista akamjibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma risiti. Mama akageuka akatazama ukuta. Hakunisemesha siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu ndipo aliponiambia: “Ningekubali. Nina watoto wanne na sitaki mwingine. Lakini mwili ni wangu, na wewe ulijua kabla yangu.”

Upasuaji ulifaulu. Mama ni mzima, anauza mboga zake kama kawaida. Daktari hakukosea na kisu. Labda ndiyo sababu ilinichukua muda mrefu kuelewa kosa lilikuwa wapi, na kwamba sehemu kubwa ya kosa hilo ilikuwa yangu.

Tumezoea kulaumu madaktari, na mara nyingi wanastahili. Leo nataka tujitazame sisi watoto wa wagonjwa. Tunaingia wodini tukijiona wakombozi, na kabla hatujatoka tumemgeuza mzazi kuwa mzigo unaojadiliwa juu ya kichwa chake.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wetu hatuijui. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inasema mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama, pamoja na haki yake ya kukataa. Inasema aelezwe kwa lugha anayoielewa pale inapowezekana, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Anayeelezwa na kukubali ni mgonjwa mwenyewe. Jamaa huingia pale mgonjwa hawezi kujiamulia, kwa mfano akiwa amezirai. Na kukiwa na dharura ambayo kuchelewa kunaweza kuua, daktari huokoa maisha kwanza. Mamangu hakuwa amezirai. Kosa lake lilikuwa kwamba hajui Kiingereza, na mimi nilikuwa karibu.

Sheria hizi hazikushuka tu kutoka mbinguni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa Ujerumani walishtakiwa mjini Nuremberg kwa kufanyia wafungwa majaribio ya kikatili. Hukumu ya mwaka wa 1947 ilitoa kanuni ambayo sharti lake la kwanza ni kwamba mtu akubali kwa hiari yake. Kule Marekani nako, kuanzia 1932 hadi 1972, serikali ilifuatilia mamia ya wanaume weusi waliokuwa na kaswende huko Tuskegee, Alabama, bila kuwaambia ukweli kuhusu ugonjwa wao. Hata penisilini ilipojulikana kuwa inatibu kaswende, hawakupewa. Walioendesha utafiti huo walikuwa wasomi, na maelezo ya kisayansi hawakukosa. Ambao hawakuulizwa ni wagonjwa.

Mwaka wa 1979 wasomi wawili wa Marekani, Tom Beauchamp na James Childress, walichapisha kitabu kilichokusanya maadili ya tiba katika nguzo nne, na hadi leo wanafunzi wa udaktari wanafundishwa nguzo hizo: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki. Ukizisikia unaweza kudhani ni mambo ya darasani. Hebu tuzipeleke wodini tuone.

Nguzo ya kwanza ni uamuzi wa mgonjwa. Mwaka wa 2014, wanawake Wakenya wanaoishi na virusi vya HIV walikwenda kortini wakisema walifungwa mirija ya uzazi bila kukubali kwa njia inayofaa. Kesi zao zilichukua miaka mingi, na Mahakama Kuu ikaja kukubali kwamba haki za wanawake hao zilikiukwa. Funzo ni kwamba karatasi yenye sahihi haitoshi. Mtu anaweza kutia sahihi akiwa na uchungu wa kuzaa, akiwa na hofu, au kwa sababu ameambiwa asipokubali hatapata msaada fulani. Hapo amesaini, lakini hajakubali. Basi kama sahihi ya mgonjwa mwenyewe inaweza kukosa maana, niambie sahihi ya mtoto wake aliyekimbizwa pale koridoni ina maana gani.

Najua utaniambia hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu uamuzi ni wa familia. Hoja hiyo ina uzito, na siidharau. Kwetu mgonjwa hatibiwi peke yake. Shangazi analeta uji, kaka anauza mbuzi, kanisa linachanga. Wanaochanga nao wanataka kusikizwa, na hiyo ni haki yao. Lakini angalia jambo moja. Baraza la familia lililo sawa linakaa na mwenye shida akiwepo. Hakuna mzee wa busara anayeamua shauri la mtu aliyekaa nje ya nyumba akisubiri kuambiwa. Tunachofanya hospitalini hakina uhusiano na mila. Ni haraka tu, halafu tunaipa jina la mila.

Tena, kumheshimu mama hakumaanishi kumlazimisha asikie kila kitu. Wako wazazi watakaokwambia: “Mwanangu, ongea na daktari, mimi sitaki kujua mengi. Mtakachoamua ni sawa.” Sawa kabisa! Huo nao ni uamuzi, tena ni wake. Tofauti ni kwamba ameulizwa. Swali lenyewe ni fupi: “Mama, unataka daktari akueleze wewe, au anieleze mimi?” Sekunde tano hazifiki. Mimi sikuziona siku ile.

Nguzo ya pili ni kumtendea mgonjwa mema, na hapa ndipo tunapoharibu kwa nia njema kabisa. Unajua ile sentensi: “Msimwambie mzee, presha itamuua.” Matokeo yanarudi, ni saratani, na watoto wanajifungia kwenye kikundi cha WhatsApp ambacho mzee hayumo. Anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Anapelekwa kuwekewa dawa ya saratani huku akiambiwa ni ya kuongeza nguvu. Kila mtu anatabasamu akiingia, akitoka analia kwenye ngazi.

Mzee si mtoto. Kibao cha kliniki anakiona. Wenzake kwenye foleni anawasikia wakiongea. Nywele zake zinaanguka. Mara nyingi anajua, na anajua kwamba mnajua, na sasa analazimika kuigiza ili asiwavunje moyo. Yaani mgonjwa ndiye anayewalinda wenye afya. Mnaita hayo mema?

Halafu fikiria mnachomnyang’anya. Huenda ana shamba ambalo hajaligawanya, na nyinyi mtakuja kulipigania miaka 10 kortini. Huenda ana ndugu ambaye hawajasemezana tangu zamani. Huenda akijua dawa inayofuata itauza ng’ombe wote na kumwongezea wiki chache tu, angesema basi, nipelekeni nyumbani, karo ya mjukuu ilipwe. Au angesema pigania, uza hata kitanda. Yote mawili ni majibu ya heshima. Lakini hawezi kujibu swali ambalo hajaulizwa. Kumwambia si lazima kuwe kumrushia habari kama jiwe. Unaweza kuanza kwa kumuuliza anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, na angetaka kujua kiasi gani. Muombe daktari awepo. Mshike mkono. Na anapolia, usikimbie kubadilisha mada.

Nguzo ya tatu ni kutodhuru. Wengi tunakumbuka kisa cha mwaka wa 2018 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, pale mgonjwa alipofunguliwa kichwa kimakosa. Wagonjwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine alikuwa na uvimbe ambao haukuhitaji upasuaji. Utambulisho wao ukachanganywa, na madaktari wakagundua wakiwa wameshaingia kazini kwamba damu iliyoganda haipo. Tulishtuka, tukatengeneza vichekesho mtandaoni, tukasahau.

Lakini kisa hicho kinatufundisha kwa nini mgonjwa anayejua ni kinga. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla na baada ya upasuaji. Mambo ya kwanza kabisa, kabla ya dawa ya usingizi, ni kuthibitisha na mgonjwa mwenyewe: wewe ni nani, unafanyiwa nini, sehemu gani ya mwili, na je, umekubali? Mgonjwa aliyeelezwa vizuri anaweza kusema, “Ngoja daktari, ni goti la kushoto.” Aliyefichwa atajibu, “Muulize mtoto wangu,” na mtoto yuko nje ya geti anatafuta mandazi.

Kuna madhara mengine ambayo hayahitaji kisu, na hayo tunayafanya wenyewe kwa simu zetu. Mgonjwa akishalazwa tu, picha. Mzee ana mpira wa oksijeni puani, kifua wazi, macho yamefumba, na chini yake nambari ya kutuma mchango. Picha hiyo inafika kwa kanisa, kwa wenzake wa kazi, kwa watu aliosoma nao, kwa mtu aliyemdai. Akipona, itamfuata. Akifa, ndiyo itakayokuwa kumbukumbu ya mwisho ya wengi.

Siri ya mgonjwa inalindwa na Sheria ya Afya, na Katiba katika Kifungu cha 31 inalinda faragha ya kila mtu. Mwaka wa 2015 serikali ilitoa agizo la kukusanya taarifa za wanafunzi wanaoishi na HIV, na mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ikasema namna hiyo ya kukusanya taarifa ilikiuka faragha. Kama serikali yenyewe iliambiwa haiwezi kuorodhesha wagonjwa hivyo, mimi na wewe tumepata wapi ruhusa ya kumpiga babu picha akiwa na nguo ya hospitali iliyofunguka mgongoni? Mchango unahitajika, najua. Bili haiogopi mtu. Tumia picha yake ya harusini au ya Krismasi, akiwa amevaa suti. Na muulize kama anataka ugonjwa wake utajwe. Watu watachanga tu.

Nguzo ya nne ni haki, na hapa siwezi kutulaumu sisi watoto peke yetu. Unaweza kumuuliza mama kila swali zuri duniani, lakini kama hospitali inataka amana kabla ya kumgusa, maswali yako hayatasaidia. Oktoba 2015, mwanaume aliyegongwa na gari Nairobi alikaa ndani ya ambulansi takriban saa 18 huku ikizunguka kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Katiba tuliyoipitisha 2010 ilikuwa tayari inasema, katika Kifungu cha 43, kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Maneno yalikuwepo. Kilichokosekana ni kitanda.

Mwaka huohuo wa 2015, Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliokuwa wamezuiliwa katika hospitali ya Pumwani baada ya kujifungua kwa sababu hawakuweza kulipa. Korti ilisema kuwazuilia kulikiuka haki zao. Hata hivyo, sote tunamjua mtu, au tunamjua mtu anayemjua mtu, aliyewahi kuzuiliwa wodini kwa ajili ya bili. Deni ni deni, na lina njia zake za kudaiwa, lakini kumfungia mtu aliyepona si mojawapo ya njia hizo.

Haki inawahusu pia wale wenye makoti meupe. Mnamo 2017 mgomo wa madaktari ulifika siku 100, na miongoni mwa madai yao kulikuwa na mazingira ya kazi. Daktari aliyenieleza pale koridoni alikuwa na foleni iliyojaa benchi mbili na nyingine imekaa sakafuni. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alitafuta njia fupi, na njia fupi ilikuwa mimi: msichana anayejua Kiingereza na anayeogopa. Ukimpa daktari wagonjwa wengi kupita kiasi, kitu cha kwanza kukatwa ni mazungumzo, maana mazungumzo hayaonekani kwenye ripoti yoyote. Kwa hiyo tunapodai madaktari zaidi katika kaunti zetu, tunadai pia muda wa mama kuelezwa.

Mpaka hapo patakapokuwa sawa, kuna mambo machache ambayo hayahitaji bajeti.

Ukiletewa fomu na mgonjwa yuko macho, sema kwa upole: “Daktari, tafadhali tumweleze yeye, mimi nitasaidia kutafsiri.” Hutafukuzwa. Nimejaribu baadaye na shangazi yangu, na daktari alivuta kiti akakaa.

Tafsiri yote. Usichuje. Daktari akisema kuna hatari, usimwambie mama “anasema itakuwa sawa.” Wewe hapo ni mdomo wa daktari na sikio la mama. Maoni yako yatakuwa na zamu yake.

Uliza maswali manne: ugonjwa ni upi, kuna njia gani za kuutibu, kila njia ina hatari na gharama gani, na tukingoja kidogo kutatokea nini. Halafu muombe mgonjwa akueleze kwa maneno yake alichoelewa. Akishindwa, mrudi nyuma.

Akikataa matibabu, usimpigie kelele. Jua kwanza anaogopa nini. Wakati mwingine anaogopa ganzi, wakati mwingine bili, wakati mwingine ni jirani aliyeingia hospitali hiyohiyo akatoka kwenye jeneza. Hofu ikishatajwa inaweza kujibiwa. Na kama ameelewa kila kitu na bado anasema hapana, hapana yake ina uzito uleule wa ndiyo yake. Hapo patakuuma, najua.

Mwisho, usingoje ambulansi ndipo muongee. Mtu mzima anaweza kumwandikia mwingine mamlaka ya kukubali matibabu kwa niaba yake, siku atakapokuwa hawezi kujisemea. Sheria ya Afya inalitambua hilo. Si lazima ianze na wakili. Inaweza kuanza jikoni, mkichambua sukuma wiki.

Mimi nilianzia hapo. Ilikuwa Jumapili, mama anachambua, mimi ninakata. Nikamuuliza: “Mama, ukiugua siku moja ushindwe kuongea, ungetaka nani aongee kwa niaba yako?” Nilijua jibu. Mimi ndiye kifungua mimba, ndiye niliyesoma, ndiye ninayelipa.

Hakufikiria hata kidogo. “Dadangu Mary,” akasema. “Si wewe. Wewe unasaini haraka.”

Alicheka. Nami nikacheka, ingawa iliniuma. Tukaandika jina la khaletu kwenye karatasi, akatia sahihi yake mwenyewe.